Mwongozo: kuzunguka viwanda vya wiski Uskoti ukiwa likizo, kwa anayetokea Dar

Msimu wa likizo ukikaribia maswali ni yale yale. Eti Uskoti ina viza yake? Naweza kukodi gari nikajiendesha kiwanda hadi kiwanda? Nirudi na chupa ngapi wasinisumbue pale Terminal 3? Mke wangu hanywi, atakaa wapi? Basi nimeandika yote sehemu moja ili mtu akiuliza tena nimtumie hii tu. Ni kwa mtu anayetokea Dar, hajawahi kuingia kiwanda chochote cha wiski, ana siku kama nne mpaka kumi na hela ya kawaida sio ya kutupa.

Kitu kimoja ukikishika mengine yanafuata: safari hii haiharibikii kwenye wiski, inaharibikia barabarani. Watu wanaanza na orodha ya chupa walizoziona kaunta za Masaki, Macallan, Talisker, Lagavulin, Glenfiddich, halafu ndo wanafungua ramani wanakuta moja iko kaskazini mashariki, nyingine kisiwa cha Skye, nyingine kisiwa kingine kabisa huko kusini magharibi, na likizo yenyewe siku tano. Anza na ramani, usafiri, na nani atashika usukani. Wiski haikimbii, kuna kiwanda kule kipo tangu 1779.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Pasipoti hai na viza ya Uingereza (nitaielezea hatua ya 3).
- Umri wa miaka 18 kwenda juu. Kama una sura ya kitoto tembea na pasipoti, wataiomba.
- Kadi ya Visa au Mastercard iliyofunguliwa malipo ya nje. Piga simu benki kabla hujaondoka uwaambie unaenda wapi, maana M-Pesa kule haikusaidii. Kama utakodi gari, kampuni nyingi zinataka kadi ya mkopo yenye jina la dereva mwenyewe, sio ya shemeji.
- Leseni ya Tanzania kwa atakayeendesha. Inakubalika Uingereza kwa miezi 12 tangu uingie, na wanapita kushoto kama sisi.
- Koti la mvua na sweta hata kama unaenda mwezi wa saba. Mitumba ya Karume inakutosha kabisa, usiende kununua koti kule kwa paundi.
- Viatu vya kufunika vyenye soli isiyoteleza.
- Chaja yako ya kawaida. Soketi zao ni zile zile za pini tatu za kwetu.

Hatua ya 1: Chagua eneo MOJA

Hapa ndo pa kukaa na ramani muda mrefu. Kwa anayeanza naona kuna njia tatu za maana.

Ya kwanza ni kukaa mjini. Hii inamfaa mtu ambaye yuko London kwa mambo mengine na ana siku mbili tatu za kuchomoka. Unapanda treni London mpaka Edinburgh, saa nne na nusu hivi, unafikia hapo. Edinburgh kuna Holyrood, kiwanda kilichofunguliwa 2019, na kule bandarini kuna Port of Leith ambacho kimejengwa kwenda juu kama ghorofa badala ya kutandazwa chini. Glasgow ni kama dakika 50 kwa treni, kuna Clydeside pembeni ya mto. Ukitaka kuona kiwanda cha shamba shamba panda treni mpaka Pitlochry, Blair Athol iko hapo hapo mjini unaenda kwa miguu. Angalizo: lile jengo la Johnnie Walker pale Princes Street ni zuri, lina shoo kali, lakini SIO kiwanda, hakuna mtambo unaochemka mle ndani. Watu wengi wa Dar wanalikimbilia kwa sababu yule jamaa mwenye fimbo tunamjua wote, wakitoka wanadhani wameona wiski inavyotengenezwa. Nenda tu, ila usilihesabu.

Ya pili ni Speyside, kaskazini mashariki. Humu ndo viwanda vimejazana, hamsini hivi kwenye eneo la mto mmoja. Unafika Inverness au Aberdeen, halafu treni mpaka Elgin au Keith. Kutoka Elgin kuna basi linalopita Rothes, Craigellachie, Aberlour mpaka Dufftown, kwa hiyo hata bila gari unaishi. Dufftown una Glenfiddich unayoifikia kwa miguu, walianza kuchuja mwaka 1887. Rothes kuna Glen Grant yenye bustani kubwa nyuma, Keith kuna Strathisla ya 1786 ambayo iko karibu na stesheni. Macallan na Glenlivet ni maarufu zaidi lakini bila gari zinakusumbua, Glenlivet hasa iko juu milimani huko.

Ya tatu ni Islay, kisiwa cha wiski zenye ladha ya moshi. Laphroaig, Lagavulin na Ardbeg zimepangana kwenye barabara moja kutokea mji wa Port Ellen, na kuna njia ya waenda kwa miguu inayoziunganisha zote tatu, mpaka Ardbeg ni kama kilomita 5. Hakuna mahali pengine nitakapokwambia uzunguke viwanda vitatu vikubwa kwa miguu. Bowmore, hicho cha 1779, kiko katikati ya mji wake kabisa. Kufika ndo kazi: basi kutoka Glasgow mpaka Kennacraig, saa tatu na kitu, halafu feri ya saa mbili na kidogo. Au ndege ndogo kutoka Glasgow kama hela ipo.

Mimi ukiniuliza, mara ya kwanza Speyside. Islay ni tamu kwa aliyeshajua kwamba anapenda moshi, na wengi hawajajua. Kabla hujalipa nauli nenda baa yenye kaunta nzuri hapa hapa mjini, agiza toti moja ya Laphroaig uinywe kavu. Ukisema hii ni dawa ya hospitali, umeshajijua, nenda Speyside kwa amani.

Skye, Orkney na Campbeltown, sehemu nyingine zenye viwanda, ziache kwa safari ya pili. Najua utabisha.

Hatua ya 2: Panga tarehe

Mei mpaka Septemba mwanga unakaa, mwezi wa sita saa nne usiku bado unaona barabara. Desemba kufika saa kumi jioni giza limeshaingia na vituo vingine vya wageni vinafupisha masaa.

Mitego ni mitatu. Mwisho wa Mei kuna sherehe ya Fèis Ìle kule Islay, na mwisho wa Aprili kuingia Mei kuna Spirit of Speyside. Ni raha kweli, ila vyumba vinakwisha mapema sana na bei zinapaa, kwa anayeanza nashauri azikwepe. Mtego wa pili ni mwezi wa saba na wa nane, viwanda vingi huzima mitambo kwa wiki kadhaa za matengenezo. Ziara zinaendelea ila unaonyeshwa mitungi ya baridi, hakuna harufu wala kelele, na hawapunguzi bei. Wa tatu ni vidudu fulani vidogo kuliko mbu vinavyotoka majira ya joto, hasa magharibi na hasa jioni kukiwa hakuna upepo. Havina malaria lakini vinang'ata kwa makundi, nunua dawa ya kujipaka kule kule.

Kwa hiyo wiki za mwanzo za Juni au Septemba.

Hatua ya 3: Viza na tiketi

Uskoti haina viza yake. Ni sehemu ya Uingereza, viza ya utalii ni ile ile, na ukitoka London kwenda Edinburgh hakuna mtu anayekuuliza pasipoti mpakani kwa sababu mpaka wenyewe huuoni. Ila usichanganye na Ireland: Dublin inataka viza yake tofauti, ya Uingereza haikuingizi kule. Belfast na kiwanda cha Bushmills ziko upande wa Uingereza, hizo sawa.

Unaomba mtandaoni kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza, unaweza kuomba kuanzia miezi 3 kabla ya safari, unaenda kituo cha maombi hapa Dar kupigwa picha na alama za vidole, halafu kwa kawaida jibu ni wiki 3 hivi. Ada inapanda mara kwa mara, angalia siku unayoomba. Weka taarifa ya benki ya miezi sita, barua ya mwajiri yenye siku za likizo, au kama umejiajiri leseni ya biashara na karatasi za BRELA na TRA. Hati yoyote ya Kiswahili lazima iende na tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa, hapa watu wanaanguka kijinga, mtu anaambatisha cheti kilivyo. Kosa jingine ni kuazima milioni kumi kwa rafiki uziweke kwenye akaunti wiki moja kabla ya kuomba. Wanaiona. Hela iliyokuja ghafla bila maelezo ni mbaya kuliko hela kidogo ya kueleweka. Na kwenye sababu ya safari usione aibu, andika unaenda kutembelea viwanda vya wiski, ni utalii halali na ratiba yako inaonekana ya kweli kuliko ya yule anayeandika "kutembea".

Tiketi ya ndege ilipe viza ikishatoka. Hakuna ndege ya moja kwa moja Dar mpaka Uskoti lakini sio lazima ushukie London: ukipitia Doha, Dubai, Istanbul au Amsterdam unaunganisha mpaka Edinburgh au Glasgow moja kwa moja, unaokoa nauli ya treni na siku nzima.

Hatua ya 4: Amua nani anaendesha, kabla ya kubuku chochote

Soma hii mara mbili. Kiwango cha pombe kwa dereva Uskoti ni miligramu 50 kwa kila mililita 100 za damu, tangu Desemba 2014. England na Wales ni 80. Kwa hiyo yule binamu yako wa London anayekwambia "moja haina neno" anaongelea sheria ya kwao. Ziara ya kawaida inakupa toti mbili tatu, ukienda viwanda viwili zimefika sita, na asubuhi yake damu inaweza kuwa bado haijasafika. Msimamo wangu ni mmoja: anayeendesha hanywi kabisa siku hiyo, hata ya kulamba.

Na hapotezi kitu. Viwanda vingi vinamwekea dereva sehemu yake kwenye vichupa vidogo anaondoka navyo, anakunywa usiku akishapaki. Sema mapema ukifika pale mapokezi kwamba wewe ndo dereva, usisubiri glasi zimeshamiminwa.

Kama wote mnataka kunywa:

- Speyside tumia basi na treni, au kodi dereva wa pale pale kwa siku, mkiwa wanne mnagawana inakuwa sio mbaya.
- Islay kaa Port Ellen, tembea kwa miguu. Kwingine tumia teksi ya kisiwani, ila piga jana yake, teksi ni chache. Jumapili usitegemee basi.
- Mjini huna shida.

Ukiendesha, jua barabara nyingi za vijijini ni za gari moja tu, zenye vijisehemu vya kupishania. Ukiona gari mbele ingia kwenye kijisehemu kilicho kushoto kwako, kama kiko kulia simama usawa wake mwenzako aingie. Usipaki humo kupiga picha za kondoo, wenyeji wanachukia sana. Na omba gari la otomatiki mapema kama ndo ulilozoea, wasipojua watakupa la gia.

Hatua ya 5: Buku ziara

Viwili kwa siku. Vitatu kama vimekaribiana kama pale Port Ellen. Vinne ni kujidanganya, kufika cha tatu ulimi hausikii tena na unalipia kitu usichokionja.

Buku kwenye tovuti ya kiwanda chenyewe, wiki kadhaa kabla, kwa majira ya joto miezi miwili. Kufika mlangoni bila kubuku ndo kosa namba moja la wageni, makundi ni madogo na yakijaa yamejaa. Ziara nyingi za kawaida zinacheza kati ya paundi 15 na 30, zile za kuonja wiski za zamani zinapanda mpaka mia na zaidi. Kabla hujalipa soma au uulize: hii inaingia kiwandani au ni kuonja tu mezani? Mitambo itakuwa inafanya kazi tarehe hiyo? Watoto wanaruhusiwa kuanzia umri gani? Nikiahirisha hela inarudi?

Ushauri ambao watu wananishukuru nao baadaye: kiwanda cha kwanza chukua ziara kamili ya mitambo. Kuanzia cha pili usirudie, chukua ile ya kuonja ghalani, kwenye mapipa. Hatua za kutengeneza ni zile zile kila mahali, ukizisikiliza mara ya nne unasinzia umesimama, lakini ghala moja na jingine hayafanani, na kule unamiminiwa moja kwa moja kutoka kwenye pipa kitu ambacho hakijaingia chupa. Kama Islay utapata nafasi ya Laphroaig, Bowmore au Kilchoman, hapo rudia ziara ya mitambo, kwa sababu bado wana sakafu za kuoteshea shayiri wenyewe. Wengi siku hizi wananunua kimea kilichoandaliwa tayari.

Halafu saa. Wanaandika 10:00 na 14:00. Hiyo ni saa nne asubuhi na saa nane mchana, na ni saa za kule, ambako majira ya joto wako nyuma yetu masaa mawili na baridi masaa matatu. Usije ukaandika "saa 10" kwenye kalenda halafu ukatokea jioni. Mtu anacheka hapa ila imeshatokea kwa watu.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Kunywa chai nzito. Mayai, mkate, uji wao wa shayiri, chochote kinachokaa tumboni. Fika dakika 15 kabla. Udi na manukato makali acha hotelini, unawaharibia wenzako pua na wewe mwenyewe husikii kitu.

Ndani utaona hivi, kwa ufupi: shayiri inalowekwa iote iwe kimea, inakaushwa (Islay wanaikausha kwa moshi wa piti, ule udongo mweusi wa mimea iliyooza wanaouchimba na kuuanika, ndo moshi wote unatokea hapo), inasagwa, inakorogwa na maji moto unapata maji matamu, yanatiwa hamira yanachacha siku mbili tatu mpaka yanakuwa kama bia ya asilimia 8 hivi, halafu yanachemshwa kwenye mitungi mikubwa ya shaba, mara mbili, kinachotoka kinaingia pipa la mwaloni. Kisheria lazima kikae humo miaka 3 au zaidi, na kikae Uskoti, la sivyo hakiitwi Scotch. Kwenye chupa isiwe chini ya asilimia 40. Kila mwaka asilimia 2 hivi inayeyuka hewani kupitia mbao, ndo ile harufu inayokupokea ukifungua mlango wa ghala. Umeshajua ya kutosha, mengine utaambiwa.

Tahadhari za ndani:

- Kwenye yale mapipa makubwa ya kuchachushia muongozaji anaweza kukuruhusu unuse. Nusa kwa mbali. Usiingize kichwa ukavuta kwa nguvu, juu ya ile povu kuna hewa ya kaboni, inakupiga puani kama umepigwa ngumi na inaweza kukuangusha.
- Simu: sehemu zenye mvuke wa pombe viwanda vingi vinakataza kupiga picha au vinataka simu izimwe. Uliza kwanza, sio unaanza kurekodi status.
- Ngazi na sakafu nyingine ni za chuma zenye matundu, kisigino kirefu kinazama. Dada zangu mmeonywa.
- Ghalani baridi hata nje kukiwa na jua, usiache sweta kwenye gari.

Hatua ya 7: Kuonja

Mtu aliyezoea Konyagi anajiona ameshaiva, lakini Konyagi ni asilimia 35. Utakachomiminiwa ghalani kinaweza kuwa 55 mpaka 60 na kitu. Ukikipiga kama shoti utakohoa mbele za watu na hautasikia ladha yoyote.

Nusa kwanza, mdomo wazi kidogo, glasi isikae puani kabisa. Onja kidogo kavu, izungushe mdomoni, meza. Halafu tia matone ya maji, machache, na uonje tena, harufu inafunguka na moto unapungua. Maji yapo mezani kwa kazi hiyo, hakuna atakayekuona mshamba. Kutema ruhusa, kuacha nusu ruhusa, kuomba kichupa ukamalizie hotelini ruhusa pia sehemu nyingi. Usiombe Coca wala barafu kwenye chumba cha kuonjea. Nyumbani kwako changanya na unachotaka, hela yako, ila pale umelipia kusikia tofauti ya pipa na pipa.

Kati ya toti na toti maji ya kunywa. Kama unatumia dawa, muulize daktari au mfamasia wako kabla hujaondoka Dar, sio ukiwa Dufftown.

Hatua ya 8: Kununua na kurudi nazo Dar

Usinunue kule chupa ambayo ipo dukani hapa au uwanja wa ndege. Nunua ile inayouzwa kiwandani tu. Bei za kutupa usizitafute: Uskoti wana bei ya chini ya pombe kisheria, tangu Septemba 2024 chupa ya mililita 700 ya asilimia 40 haiwezi kushuka chini ya paundi 18.20. Maduka hayauzi pombe kabla ya saa nne asubuhi wala baada ya saa nne usiku. Na ile habari ya kurudishiwa kodi uwanja wa ndege ilikufa tangu 2021, usikusanye risiti kwa ajili hiyo.

Risiti zitunze kwa ajili ya TRA. Sheria ni mbili na watu wanazichanganya:

- Ya ndege: pombe ya zaidi ya asilimia 24 mpaka 70 unaruhusiwa lita 5 kwa mtu, ikiwa kwenye chupa zake zilizofungwa. Yaani chupa saba za mililita 700. Juu ya asilimia 70 hairuhusiwi kabisa.
- Ya forodha: ukiingia Tanzania kinachopita bila kodi ni pombe kali isiyozidi lita 1 kwa mtu mzima. Hiyo ni chupa moja na vichupa. Zilizobaki unatangaza na unalipa ushuru.

Kwa hiyo ndege kukuruhusu saba haimaanishi zimepita bure. Piga hesabu ya ushuru kabla, mara nyingi chupa mbili au tatu za maana zina akili kuliko saba za kujionyesha. Usimpe abiria mwenzako akubebee.

Chupa za kiwandani zote ziingie begi la chini. Kila moja kwenye soksi, halafu mfuko wa plastiki wa zipu, halafu katikati ya nguo nzito, isiguse ukuta wa begi. Mkononi usizibebe, zinaweza kuzuiwa unapounganisha ndege. Za duty free zinapita kama zimefungwa kwenye mfuko wao wenye muhuri na hujaufungua mpaka umalize kuunganisha ndege. Beba na mfuko wa kitambaa, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa Tanzania imepigwa marufuku tangu Juni 2019 na sio vizuri kutoka uwanjani nayo.

Kabla ya kuondoka maliza noti za Uskoti. Benki zao zinachapisha paundi zenye sura tofauti na zile za London. Ni hela halali ila huku kwenye maduka ya kubadilisha fedha zitakusumbua. Zitumie, au benki ya kule ikubadilishie zile za England.

Ikikwama

*Ziara zimejaa zote.* Piga simu asubuhi, kuna watu wanaahirisha. Ikishindikana nenda tu kwenye baa au duka la kiwanda, vingi vinakuuzia toti bila ziara.

*Feri ya Islay imefutwa.* Upepo ukiwa mkali hawaendi, na hii sio pantoni ya Kigamboni kwamba ukikosa hii unasubiri inayofuata, inaweza kuwa kesho. Usiweke ndege ya kurudi Dar siku ile ile unayotoka kisiwani, acha angalau siku moja katikati. Mwenye gari abuku nafasi ya gari mapema, mtembea kwa miguu hana presha hiyo.

*Mwenzangu hanywi.* Ziara za mitambo anaingia na anafurahi, hakuna anayelazimishwa. Craigellachie kuna karakana ya mapipa, Speyside Cooperage, unaangalia mafundi wanavyoyagonga na kuyachoma, hiyo hata watoto wakubwa wanaipenda. Bustani ya Glen Grant, na njia ya kutembea ya Speyside Way inayopita pembeni ya mto. Watoto wadogo viwanda vingi haviwaingizi kwenye mitambo, kwa hiyo pangeni zamu.

*Nimelewa kabla ya kiwanda cha pili.* Usiende. Kula, lala, piga simu uombe wakusogezee muda. Ukifika umelewa hawakuhudumii, sheria inawabana.

*Kadi imegoma.* Ndo maana ya kubeba kadi mbili za benki mbili tofauti na paundi kidogo za mkononi.

*Viza imekataliwa.* Soma barua ya sababu neno kwa neno, rekebisha hicho hicho walichokitaja ndo uombe upya, usirudie fomu ile ile kesho yake. Kama likizo imeshafika na hutaki ipotee, Afrika Kusini Mtanzania anaingia bila viza mpaka siku 90, na Wellington, kama saa moja kutoka Cape Town, kuna kiwanda cha James Sedgwick wanaotengeneza Three Ships na Bain's. Piga kwanza uulize kama wanapokea wageni siku unazotaka.